Sinia Halichagui

Katika khitma yoyote ya Mji wa Kale wa Mombasa, yaani kisomo cha kumwombea marehemu, utamkuta mwanamume amekaa kitako juu ya jamvi, goti lake limegusana na goti la mtu asiyemjua hata jina, na vidole vya wote wawili vimo ndani ya wali mmoja. Hana wasiwasi hata chembe. Mtu huyohuyo mkalishe jioni kwenye meza ya watu wawili, agizeni sahani moja ya chipsi na mishkaki minne, utamwona anaegemea nyuma ya kiti. "Kula tu sheikh, mie nshashiba." Lakini macho yake yako kwenye sahani, na mkono wa kulia ameuficha chini ya meza.

Sisi ambao kazi yetu ni kupanga watu kwenye masinia, harusini, matangani na kwenye futari za msikitini, tumeiona tofauti hii kwa miaka. Kilichotuelea ni kwamba sinia halimchagui mtu. Ukifika unaambiwa, "Ingia hapa, wako wanne, wewe wa tano," nawe unakaa. Hukumchagua aliye kuliani kwako wala yeye hakukuchagua, na kila mmoja anajua mkono wake unaishia wapi. Kwenye sahani ya watu wawili mmechaguana, wapita njia wanawaona, na hakuna aliyewaonyesha mpaka. Haya inaingia hapo. Mwenye kutaka kula na mwenzake barabarani kwa raha na aanze kwa kujua sinia linavyofanya kazi.

Sinia la kawaida la harusi lina kipenyo cha sentimita 60. Mzingo wake ni kama sentimita 188. Ukiketisha wanne, kila mmoja anapata sentimita 47, ambao ni upana wa mabega ya mtu mzima. Ukiketisha watano, inabaki 37 na ushei. Sita wanapata 31, na hapo ndipo utaona viwiko vinagongana na mtu mmoja amerudi nyuma anakula kwa kunyoosha mkono kama anayechota maji kisimani. Kwa sita tafuta sinia la sentimita 70. Wenye harusi wanaobana idadi ya masinia hudhani wanaokoa wali, kumbe wanaharibu kikao kizima, kwa sababu mtu aliyebanwa hali vizuri na wala hasemi.

Hao watano hawakai uso kwa uso na sinia. Wanakaa upande: bega la kulia linaingia, la kushoto linarudi nyuma, vile watu wanavyopishana kwenye kichochoro chembamba. Wote wakigeukia upande mmoja, mikono inafuatana bila kukutana. Akitokea mmoja akakaa kifua mbele, duara lote linakwama, na wa kushoto kwake hana pa kupitisha kiwiko. Mkumbushe taratibu: "Ami, geuka kidogo, tuingie wote." Haichukui muda, naye hajisikii amefunzwa adabu mbele za watu.

Kwa watano tunahesabu kilo moja ya mchele mkavu, yaani gramu 200 kila mtu, na kilo moja ya nyama iliyokatwa vipande kumi na viwili. Viwili kwa kila mmoja, viwili vya akiba. Vipande kumi kamili ni kosa, kwa sababu lazima kimoja kitakuwa mfupa mtupu na atakayekipata atanyamaza. Kumi na kimoja ni kosa kubwa zaidi. Kile kimoja cha ziada kitabaki katikati ya sinia mpaka kipoe, wanaume watano wakikizunguka na kukikwepa, kila mmoja akiogopa kuonekana mlafi. Viwili vinachanwachanwa na mkubwa wa sinia na kugawiwa wote, na shughuli imekwisha.

Mkubwa wa sinia ndiye nguzo. Huwa ni mzee kuliko wengine, au mwenyeji akiwa amekaa nao. Kazi yake inaanza baada ya Bismillahi. Anaushika mfupa kwa mkono wa kulia, na kijana aliye kando yake anashika upande wa pili, naye kwa mkono wa kulia vilevile. Wanavuta. Nyama inaachana na mfupa, mvuke unatoka, na mafuta yanateremka mpaka kwenye vifundo vya vidole. Mzee anainyanyua minofu na kuiweka juu ya wali, mbele ya mgeni, vidole viwili kutoka ukingoni. Haitii mkononi mwa mgeni, wala mdomoni mwake. Angalia hapo ilipowekwa, maana hapo ndipo penye siri yote. Nyama imetoka mkononi mwa mwanamume mmoja ikaenda kwa mwingine, lakini imetua kwanza kwenye upande wa mgeni. Sasa ni yake, aichukue akitaka.

Huo upande nao una asili yake. Mtume alipomwona Umar bin Abi Salama, akiwa mtoto, mkono wake unazunguka huku na huku sahanini, alimfundisha mambo matatu: ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Katika mafundisho hayohayo imepokewa kwamba baraka hushuka katikati ya chakula, basi watu wale kuanzia pembeni. Ukitazama sinia linaloliwa vizuri utaona kila mtu amechimba pembetatu yake kuanzia ukingoni kwenda ndani, na katikati kumebaki kilima. Pembetatu hizo ndizo zinazompa mtu utulivu. Tunakula pamoja, na bado kila mmoja ana shamba lake.

Biriani ina taabu kuliko pilau, na kwa mgeni mwenye haya tunapendelea aanze na pilau. Rojo la biriani likimiminwa katikati hufuata mteremko. Jamvi likiwa juu ya sakafu isiyo sawa, mmoja anaogelea na wa mkabala anatafuna wali mkavu, na hawezi kunyoosha mkono upande wa mwenzake kuchota. Dawa yake ni mbili: weka sinia chini kwanza likiwa tupu, limwagie maji kidogo uone yanakimbilia wapi, kisha ulisogeze; au peleka rojo kwenye bakuli na upawa, mkubwa wa sinia amwagie kila mtu kwenye upande wake. Ndimu vivyo hivyo. Anayekamua ndimu juu ya sinia zima amewaamulia wenzake wanne ladha. Kachumbari na pilipili ziwe kwenye vibakuli viwili, vikabiliane, kila mtu afikie bila kumvuka mwenzake. Ndizi mbivu ya pilau inamenywa na kuliwa na mwenyewe, haikatwi nusu kwa meno kisha ikarudi sinia.

Tonge liwe dogo, la vidole vitatu, halizidi ndimu changa. Kiganja kibaki kikavu. Ukilifinya dogo halimwagiki, na punje hazirudi siniani kutoka mdomoni, jambo ambalo ndilo linalowatia watu kinyaa kuliko mkono wenyewe. Vidole havilambwi katikati ya kula. Vinalambwa mwisho, mtu akishatoa mkono na harudishi tena. Kijana asiyejua hili anaweza kuliharibu sinia la watu wanne bila kusema neno: watatoa mikono mmoja baada ya mwingine, wote wameshiba ghafla. Kikohozi kikikujia geuza uso kushoto na uzibe kwa mkono wa kushoto. Mwenye kidonda kidoleni au mafua atengewe sahani, na asilazimishwe kueleza.

Na mzee asiwahi kutoa mkono. Akitoa, vijana nao watatoa hata kama wana njaa. Mzee aliyeshiba anaendelea kudokoadokoa punje mbili mbili mpaka awaone wenziwe wamepunguza kasi.

Kunawa ndiko kunakomaliza nusu ya wasiwasi, na wengi wanalipuuza hili. Bakuli moja la maji likizungushwa kwa watu wote, wa tano ananawia uchafu wa wanne, naye anaona. Maji yamiminwe kwa birika, sabuni iwepo, mbele ya macho ya wote, kabla ya sinia kufika. Birika la lita mbili linawanawisha watu wanane mpaka kumi, kila mmoja kama bilauri moja ndogo. Mtu akiuona mkono wa jirani yake unatoka povu na kusuuzwa, moyo wake unatulia bila kuambiwa. Mji wetu umepata kuguswa na kipindupindu zaidi ya mara moja, na mwaka 2020 masinia yalisimama kabisa mikusanyiko ilipozuiwa. Anayeuliza habari ya maji haleti madaha. Ana haki ya kuuliza.

Upangaji wa watu nao una busara yake. Wakwe tunawatenga: kijana hatakula hata robo ya njaa yake akiwa amekabiliana na baba wa mkewe. Mgeni kutoka bara, ambaye kwao huenda kila mtu hupakuliwa sahani yake, tunamweka katikati ya watu wawili wazoefu, si mkabala nao, ili aige bila kutazamwa. Tukiona anasita, tunaleta vijiko vitatu. Kimoja kingemtangaza kwamba yeye ndiye mgeni. Vitatu vikiwekwa siniani, wenyeji wawili wanavichukua na kula navyo, na yeye anachukua cha tatu kama jambo la kawaida. Mara nyingi katikati ya kula utaona kijiko chake kimelazwa kando na vidole vimeingia kazini. Usipige makelele ya kumpongeza. Nyamaza, msogezee kachumbari.

Sasa tutoke nje, maana huko ndiko penye taabu hasa.

Mwanamume anayekataa kula sahani moja na mwenzake barabarani ana hofu zake, na si zote za kupuuzwa. Ya kwanza kwa wingi ni kuitwa mdoezi, mtu anayevizia chakula cha wenzake. Neno hilo linauma Mombasa, na mtu yuko radhi alale njaa kuliko kusikia fulani anadoea. Ya pili ni kuonekana hana kitu, kwamba wawili wameagiza sahani moja kwa sababu mfuko haukutosha za kila mmoja. Wengine wanaogopa kijicho, kula mbele ya kadamnasi. Na kuna hofu inayosemwa kwa chini siku hizi zaidi ya zamani, kwamba wanaume wawili wakichovya kwenye kibakuli kimoja watu watafikiria vingine, na yuko mwenye simu tayari kupiga picha. Hii imewakata vijana mikono kabisa. Tunaona huruma, kwa sababu babu zao walikula kwenye kombe moja, yaani sahani moja kubwa, maisha yao yote, wakashikana mikono wakitembea kutoka msikitini, na hakuna aliyewaomba maelezo. Marafiki wawili kula pamoja ni jambo jema lililo wazi. Kinachotakiwa ni kulipanga kama sinia linavyopangwa, ili kila mmoja ajue upande wake.

Udoezi unazuiwa kabla ya chakula kufika. "Leo juu yangu" inasemwa wakati wa kuagiza, si wakati wa kulipa. Ikisemwa mwisho, mwenzako atakuwa amekula kila kipande huku akipiga hesabu. Kama mnachanga, changeni pia mwanzo: mmoja alipe, mwingine atume nusu kwa M-Pesa hapohapo mezani, mambo yaishe. Na anayealikwa naye ana adabu yake. Ukipita ukakuta mtu anakula akasema "Karibu, bismillahi," karibu ya kwanza ni heshima, unajibu "Starehe, ahsante," unaendelea na njia. Akirudia mara ya pili na akasogeza kiti au sahani, hiyo ni ya dhati. Onja kipande kimoja kidogo, ushukuru. Kukataa mara mbili kunamvunja mwenzako uso.

Kwenye hoteli, neno la kwanza kwa mhudumu liwe "sahani tupu mbili". Sahani ya chipsi ina kipenyo cha kama sentimita 25, na hapo hesabu ya sinia inagoma. Kila mmoja ana nusu ya ukingo, sawa, lakini kutoka ukingoni hadi katikati ni sentimita 12 tu. Vidole vya wawili vinakutana kila mara, kila mmoja anarudisha mkono na kusema "kula, kula". Sahani hiyo ni ndogo kwa mikono miwili mikubwa, hilo tu. Igeuzeni kuwa sinia la kupakulia. Anayegawa anagawa mara mbili sawa, kisha mwenzake achague kwanza. Nusu kuku ikatwe na mpishi jikoni, vipande vinne, maana kumvuta kuku mezani wanaume wawili kunahitaji mazoea ya sinia ambayo huenda hamna.

Mishkaki agizeni kwa idadi shufwa. Usimpe mwenzako kijiti ulichokwisha kung'ata, wala usimnyooshee kijiti usoni. Shika nyama kwa kipande cha mkate au chapati, vuta kijiti, vipande vinne au vitano vibaki sahanini, kila mtu achukue. Viazi karai tatizo lake si viazi, ni ukwaju. Mtu anakimega kiazi kwa meno kisha anarudi kuchovya, na mwenzake anaona. Omba vibakuli viwili vya ukwaju, au mwagia kwenye kiazi chako kwa kijiko. Mbaazi za nazi za asubuhi ni hivyohivyo. Mahamri manne na bakuli moja la mbaazi ni chakula kizuri cha watu wawili, ila mega hamri kwa vidole, kila tonge lichovye mara moja tu, na kila mmoja achovye upande ulio karibu naye. Mbaazi zikipoa mchuzi wake wa nazi unakuwa mzito na tonge linaburuta mbaazi za mwenzako, kwa hivyo msichelewe na mazungumzo.

Kwa anayeanza, mahali pepesi kuliko pote ni ufukwe wa Mama Ngina, kwenye mihogo ya kukaanga. Mnaketi ubavu kwa ubavu mkitazama bahari na meli zinazoingia bandari ya Kilindini, si uso kwa uso, na mihogo iko baina yenu. Chakula kikiwa ubavuni, macho yana pengine pa kwenda na mkono unakwenda wenyewe. Muuzaji akiuliza kama atie pilipili na ndimu, mwambie atie nusu, nyingine aache. Chakula chenye pilipili upande huu na kisicho nayo upande ule kimeshakuwa na mpaka bila mtu kuuweka. Mihogo inatakiwa ya moto. Ikikaa dakika kumi inakuwa mikavu na kukwama kooni, hapo kila mtu atadai ameshiba na hutajua kama ni haya au ni muhogo.

Kuna wanaodhani wana kinyaa kumbe hawana. Watazame barazani jioni, dele la kahawa tungu likizunguka. Kikombe kilekile kimetoka mdomoni mwa mtu, kimesuuzwa mara moja, kimejazwa, na yeye amekipokea kwa mkono wa kulia bila kukitazama. Halua imewekwa katikati kwenye karatasi, kila mmoja anafinya kwa vidole vyake. Kahawa ina desturi, na desturi imemwondolea mzigo wa kuamua. Waliosema ukila na kipofu usimguse mkono walijua sana. Mkono wa mwenzio ukiwa na pa kupita, hamwulizani.

Ukitaka kumzoesha rafiki, usimwanzie na sahani kabisa. Anza na dafu. Muuzaji akilifyeka, mwambie awamiminie bilauri mbili, kwa sababu dafu moja na mirija miwili hata sisi hatungekushauri kwa mtu mwenye haya. Mkishakunywa, mrudishieni alipasue. Panga inashuka mara moja, dafu linafunguka nusu mbili, nyama yake laini inatetemeka ndani kama maziwa yaliyoganda. Anakata vipande viwili vya ganda vya kukwangulia, anampa kila mmoja nusu yake na kijiko chake, na ninyi mnasimama hapo kando ya mkokoteni, mkikwangua.